Mwandiko wa Afande Minowa

Afande Minowa Shizue alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomponza. Hata alipobakiza miaka miwili astaafu, wakubwa wa kituo chetu cha Kazasaki walikuwa bado wanamshushia bahasha za rambirambi awaandikie majina kwa brashi. Mwanamke mwenye cheo cha inspekta, aliyewatia pingu majambazi ambao wakubwa wenyewe wamewaona kwenye televisheni tu! Aliziandika, akazirudisha kabla ya chakula cha mchana. Hakuwa mtu wa kujiona, na hilo lilikuwa likiniudhi mimi kuliko lilivyomuudhi yeye.

Nilimjua mwaka niliotupwa chini. Chini ni chumba kimoja kirefu kilichopo chini ya maegesho ya magari, kimejaa maboksi ya kesi za zamani. Walimpa Minowa chumba hicho pamoja na watu watatu ambao hakuna idara iliyowataka, akaambiwa afungue kila boksi na kuziingiza karatasi zake kwenye kompyuta. Mzee Tsukuda alikuwa akisinzia kazini tangu mkewe afariki. Isobe, binti wa miaka ishirini na sita, hakuweza kunyamaza mkubwa akikosea, na katika polisi huo ni ugonjwa usio na dawa. Mimi, Kuramochi, nilimpiga ngumi mkuu wangu kwenye sherehe ya kufunga mwaka. Nilikuwa nimelewa, ingawa nadhani ningempiga hata kama ningekuwa nimekunywa chai. Huko juu walituita Makapi. Minowa alipopongezwa kwa kupewa idara alisema ukubwa jalala, na kwamba jalala lake angalau lina jiko la mafuta.

Alikuwa binti wa kinyozi wa mtaa wa stesheni. Aliingia upolisi akiwa na miaka ishirini, na kwa miaka kumi na tatu alikuwa mwanamke pekee katika kitengo cha upelelezi, maana yake aliwachemshia wanaume chai na kuwaandikia karatasi zao. Aliwahi kuchumbiwa. Mchumba alitaka aache kazi, akamwacha mchumba. Kila asubuhi alikuja na matonge ya wali sita, yeye anakula mawili, manne anamsogezea Tsukuda bila kusema neno, kwa sababu mzee hakuwa akipika. Isobe naye, Minowa hakumwambia anyamaze hata siku moja. Alimwambia, "Sema, mwanangu, lakini sema umekaa." Mimi alinipa kazi ya kushusha maboksi ya juu, akasema ngumi zangu zimepata kazi halali.

Mwezi Februari, theluji imeziba hata kidirisha chetu kimoja, Isobe alifungua boksi la moto wa mwaka 1994. Ghala la mwani mkavu lilikuwa limeungua alfajiri, na mlinzi, mzee Kanzaki, akafia humo. Kibarua mmoja wa pale aitwaye Hoshina Eikichi alikiri, akafungwa miaka kumi na saba. Kesi hiyo kila mtu mjini anaijua. Isobe alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti huku akipiga picha kurasa.

"'Niliingia ofisini kwa mlango wa nyuma,'" alisoma. "'Nilivua viatu nikavipanga mlangoni vikitazama nje. Kisha nikamwaga mafuta ya taa.'" Akaacha kupiga picha. "Jamani, hebu sikieni hiki kitu."

"Kitu gani?" nikamwuliza. "Ulitaka aingie navyo?"

Nilikuwa natania, lakini ukweli ni kwamba mstari ule haukunishtua hata kidogo. Haukumshtua mwendesha mashtaka, wala wakili, wala majaji watatu. Kwetu mtu anavua viatu mlangoni kama anavyovuta pumzi. Ukisoma kwamba fulani aliingia ndani akavua viatu, jicho linapita tu.

"Kaka Kuramochi, njoo uone picha," Isobe akasema. "Sakafu ya zege, mfereji wa maji katikati. Na marehemu huyu hapa, ana mabuti ya mpira miguuni. Nani anavua viatu mahali kama hapa?"

Tsukuda alifungua jicho moja. "Hakuna. Nilikuwapo siku ile. Hiyo inayoitwa ofisi ni meza tu kwenye kona ya ghala, na sakafu haikauki maji ya chumvi. Ukivua viatu pale unaota barafu vidoleni."

"Na Hoshina alifanya kazi pale miaka sita," Isobe akasema. "Atasemaje kitu kama hicho?"

Minowa alikuja akaichukua ile karatasi. Aliishika muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kusoma mistari mitatu.

"Hakusema," alisema. "Huu mwandiko ni wangu."

Mtuhumiwa haandiki maelezo yake mwenyewe. Askari ndiye anayeyaandika, na anayaandika kana kwamba yeye ndiye mtuhumiwa: mimi nilifanya hivi, mimi nilikwenda kule. Akimaliza anamsomea, mtu anabonyeza kidole chenye wino, basi. Mimi mwenyewe nimeshakuwa mwizi wa baiskeli, mlevi na mke mwenye wivu, vyote hivyo kwenye karatasi za serikali. Hoshina alihojiwa na Kapteni Sakuma siku kumi na tisa, Minowa amekaa pembeni na kalamu. Siku ya kumi na tisa Hoshina alisema, "Andikeni mnavyotaka." Sakuma akatoa mifupa ya habari yenyewe: mlango wa nyuma, mafuta, kibiriti. Halafu akamwambia Minowa ajaze nyama, isomeke kama mtu anazungumza.

"Sikuwahi kulikanyaga lile ghala," Minowa alituambia. "Wanawake hawakuwa wakipelekwa kwenye tukio. Nikafumba macho nikamwona mtu anaingia mlangoni. Nikamvua viatu."

Jiko liliendelea kuunguruma. Tsukuda, aliyelishwa na mwanamke huyu karibu mwaka mzima, aliinuka akalifunika boksi.

"Afande, mimi ni mtu mzima, nisikilize," alisema. "Sakuma ameshakufa na nishani zake. Hoshina kifungo amekimaliza. Maji yakimwagika hayazoleki. Hili tumeliona sisi wanne tu."

Nataka niseme ukweli hapa: nilikubaliana naye. Sikuwa na hekima yoyote, nilikuwa namwogopea Minowa. Nilijua watakavyomfanya huko juu.

"Hoshina hajafa," Minowa akasema, akalifunua tena boksi.

Kesho yake alipanda kwa mkuu wa kituo, na akanichukua mimi nibebe faili. Mkuu alisoma, akavua miwani, akazungumza kwa upole, ule upole wa daktari wa meno.

"Mstari mmoja, Bibi Minowa. Tena viatu! Umebakiza miaka miwili. Maliza kwa heshima."

"Heshima ipi, mkuu? Ile ya mwandiko?"

Mkuu alisema kwamba Minowa akitaka kutoa maelezo rasmi hakuna wa kumzuia, lakini asitegemee kituo kisimame nyuma yake. Minowa aliinama kwa adabu zote, tukashuka.

Maelezo yake niliyaandika mimi. Mwosha huoshwa, na ndivyo sheria ilivyo, hata kwa askari: anaandika mwingine. Niliandika, "Mimi, Minowa Shizue, kwa amri ya mkuu wangu na nikiwa bado na cheo cha chini…" Nilipomsomea alinisimamisha hapo hapo.

"Hilo nimelisema mimi?"

"Hujalisema, lakini ni kweli, afande."

"Futa."

"Linakusaidia."

"Ndiyo maana nasema futa. Andika: Sakuma alitoa habari, maneno ni yangu. Andika na lile la chuki."

Sikuwa nalijua la chuki. Akanieleza. Sakuma alikuwa amesema jaji hapendi moto usio na sababu, Minowa atafute sababu. Minowa akaandika kwamba Hoshina alimchukia mzee Kanzaki tangu siku mzee alipomshtaki kwa tajiri kuwa anakunywa pombe kazini. Kushtakiwa kulikuwa kweli. Chuki aliitia mwenyewe. Niliyaandika yote hayo, yeye akabonyeza kidole.

Kumbe mahakama haikuwa mlima wa kwanza. Wakili aliyewahi kumtetea Hoshina alitupokea vizuri, akasoma, akafuta jasho. Halafu akasema tatizo ni Hoshina mwenyewe. Aliwahi kuomba kesi ifunguliwe upya akiwa gerezani, akakataliwa, na tangu hapo hajakanusha tena. Ombi jipya lilihitaji muhuri wake, ambao kwetu ndio sahihi ya mtu, naye alikuwa amekataa mara tatu kuugonga. Na siku hazikuwa nyingi. Mapafu yake yalikuwa na saratani, madaktari walikuwa wamempa mpaka majira ya majani kupukutika. Akifa kabla, ombi lingebaki juu ya dada yake, na yeye angezikwa akiwa muuaji.

Tulikwenda kwa Hoshina Jumapili, Minowa, wakili na mimi. Dada yake, Bibi Kiyo, alikuwa akimtunza katika nyumba ya mbao nyuma ya shule ya msingi. Tulivua viatu mlangoni, na sijawahi kuona aibu ya viatu vyangu kama siku ile. Hoshina alikuwa ameegemea mto, mpira wa hewa puani, mtu wa miaka sitini na moja aliyebaki mifupa na macho.

Minowa alipiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mkeka.

"Mimi ndiye niliyeandika maelezo yako," alisema.

"Nakukumbuka," Hoshina akajibu. "Binti wa pembeni. Uliniwekea sukari kwenye chai, Sakuma akakugombeza. Inuka, afande, utaumia magoti. Dada Kiyo, wape chai."

"Nimekuja kukuomba ugonge muhuri."

"Wakili ameshanichosha na huo muhuri. Usijisumbue. Nilifanya mimi."

Bibi Kiyo, aliyekuwa na birika mkononi, aligeukia ukutani. Nadhani alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi mno.

"Unakumbuka nini?" Minowa akamwuliza.

"Yote. Niliingia kwa nyuma. Nikavua viatu, nikavipanga vikitazama nje. Sakafu ilikuwa ya baridi mpaka nikakunja vidole." Alikunja vidole vya mguu chini ya blanketi, tukaviona vikijikunja. "Gerezani walitusomesha makosa yetu kila wiki ili tujute. Mwanzoni nilikuwa nasoma tu. Baadaye nikaanza kuona."

Minowa alitoa picha ya sakafu, akaiweka juu ya blanketi.

"Ulifanya kazi hapa miaka sita," alisema. "Uliwahi kuvua viatu humu ndani, hata siku moja?"

Hoshina aliitazama. Alivuta hewa, akatoa, akavuta tena.

"Hapana," alisema. "Palikuwa na maji ya chumvi."

"Basi hicho unachokiona si chako. Ni changu. Nilikitunga nimekaa kwenye kiti, nikakupa."

"Na mafuta ya taa?"

"Sakuma."

"Kibiriti?"

"Sakuma."

Nilidhani ameishia hapo. Wakili naye alidhani hivyo, kwa sababu alianza kufungua mkoba. Lakini Hoshina alikuwa bado anamtazama Minowa, na mara hii aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa jibu.

"Na kumchukia Kanzaki?"

"Hilo ni langu," Minowa akasema. "Sakuma alitaka sababu. Nikaweka chuki. Wewe hukusema kitu kama hicho siku zote kumi na tisa. Siku ya pili ulisema mzee alikuwa akikugawia samaki wa kukaanga, na mimi sikuliandika."

Uso wa Hoshina ulibadilika, na sitaki kuupamba.

"Alikuwa akinitolea miiba ya samaki," alisema hatimaye. "Mikono yangu ilikuwa ikipasuka kwa baridi, siwezi kuchambua samaki. Anakaa pale, anatoa mwiba mmoja mmoja, ananipa. Aliponishtaki aliniambia usoni: nimekushtaki, usije ukafa kwa pombe."

Minowa alikuwa analia, nami nilikuwa sijawahi kumwona akilia, wala sikumwona akilia tena mpaka alipostaafu. Alistaafu mwaka ule ule, kabla ya muda wake, bila sherehe. Sisi Makapi watatu ndio tuliomsindikiza getini, Tsukuda akiwa amebeba matonge ya wali aliyoyapika mwenyewe, mabaya kupita kiasi.

Lakini siku ile Hoshina aliomba wino. Wakili alimshikia karatasi, Bibi Kiyo akamshikia kiwiko, akagonga muhuri mahali palipotakiwa. Haukutoka vizuri, ukarudiwa. Minowa aliinama tena mpaka chini, akaanza kusema neno la kuomba msamaha, Hoshina akamkatiza.

"Msamaha utakuja siku nyingine kama utakuja," alisema. "Sasa nendeni, tafadhali. Miaka ishirini na mitano hii nilikuwa naona sina haki ya kumlilia. Nataka kumlilia Kanzaki."