Mama Pindo, Aliyeshika Mikono ya Wafungwa wa Maisha

Mama Pindo alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, mtoto wa pekee wa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuna aliyekunja pindo kama yeye. Aliolewa na dereva wa lori mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Akiwa na miaka thelathini na mmoja, siku moja ya kipigo, alimchoma mumewe kwa mkasi wa kazi, akamuua. Hatutalipaka rangi jambo hilo. Yeye mwenyewe hakulipaka. Jaji alipomuuliza kama ana la kusema kabla ya kufungwa maisha, alijibu, "Nina mtoto wa miaka mitatu." Mtoto alichukuliwa na shangazi yake, dada wa marehemu, wala hakuletwa gerezani hata mara moja.

Huko alishona sare. Wito ulimjia mwaka wa tano, alipopeleka mashuka kwenye chumba cha wagonjwa akamkuta mwenzake amekufa peke yake, mkono umenyooshwa nje ya kitanda kama unaopapasa mtu. Akaomba ruhusa ya kukaa na kila mfungwa wa maisha anayekata roho, naye akamwahidi kila mmoja kwamba hatamwachia mkono. Jumamosi za wageni, wenzake walipoitwa, yeye alibaki na cherehani.

Mwaka wa kumi na tisa ilikuwa zamu ya Bibi Pilipili, mzee aliyewahi kummwagia chai ya moto na kumwita muuaji, kana kwamba yeye alifungwa kwa kuimba kwaya. Jumamosi hiyo askari alikuja mbio.

"Mama Pindo, inuka! Binti yako yuko getini!"

"Nenda, mjinga wewe," alisema Bibi Pilipili. "Mimi sifi leo. Nina ubishi."

"Ubishi unao, bibi. Pumzi huna." Kisha akamwambia askari, "Mwambie mwanangu anisubiri."

Mgeni alipewa nusu saa. Bibi Pilipili alichukua saa nzima kukata roho. Mama Pindo alipofika getini, binti alikwisha kuondoka, ameacha maneno mawili: "Mwambieni nilikuja." Mama Pindo aliomba aonyeshwe binti alipokuwa amekaa. Askari akamwonyesha benchi. Watu wengine walikuwa wamelikalia.

Alimwandikia binti barua za kuomba msamaha. Hazikujibiwa. Baada ya miaka minne mapafu yalimshinda, na wanawake wakapokezana kumshika. Wanasema mkono wake haukupoa hadi maiti ilipochukuliwa. Daktari anasema ni kwa kuwa ulishikwa muda wote. Wote wanasema kweli.

Binti alikuja kuuchukua mwili. Aliuliza jambo moja tu: "Yule ambaye mama aliniacha getini kwa ajili yake, alikuwa nani kwake?"

"Hakuwa mtu wake," askari alimjibu. "Hata hawakupatana."

Binti alimzika mama yake, na Jumamosi iliyofuata akarudi getini. "Niitieni asiye na mgeni," alisema, na anaendelea kusema hivyo hadi leo. Anayetaka kumheshimu Mama Pindo asihangaike na maua. Aende akaseme maneno hayo.