Dakika Nne za Maji ya Moto

Fundi bomba yule watu walimwita Koleo, kwa kuwa aliwabana wateja kuliko alivyobana nati. Aliwadharau wote, wala hakulificha hilo. Kwa miaka thelathini alikuwa akiingia bafu za watu na kutoka na imani ile ile, kwamba mwenye nyumba hajui kitu, na asiyejua maana haambiwi maana.

Safari hii aliitwa na meneja mmoja wa ofisi, mtu wa kuvaa tai hata siku ya mapumziko. Tangi lake la maji ya moto lilisimama kwenye kistoo kando ya bafu, refu, jeupe, halina hata mkwaruzo, lakini ukifungua bomba yanakuja maji ya moto kwa dakika nne tu, kisha baridi. Kabla Koleo hajautua mkoba, meneja alikwisha kumpa jibu. Anayeyamaliza ni mama yake mzazi, ambaye huoga wa kwanza asubuhi kwa sababu viungo vinamuuma. Mkewe akaongeza kwamba wamempimia muda kwa simu na haikusaidia. Jumamosi angehamishiwa kwa bintiye, huko akamalize ya huko.

Mama mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha plastiki koridoni, hatua tatu tu, anasikia kila neno. Walimsema kana kwamba ni kabati.

"Baba, mimi nakinga ndoo moja tu," alimwambia Koleo. "Na maji yalikuwa mazuri mpaka tangi lilipohamishwa."

Koleo alimpa mgongo. Vikongwe nao walikuwa katika orodha yake ya wasiojua kitu. Alifungua kifuniko, akaona koili ya kuchemshia imejaa ukoko wa chumvi, akabadili, akafunga, akaaga.

Ijumaa meneja akampigia simu. Hali ni ile ile. Koleo alirudi amenuna, maana hakuna kilichomuudhi duniani kama kurudia kazi. Aliufungua mkoba, akalitazama tangi, na ghafla ile ndoo moja ikamrudia kichwani. Tangi la lita mia moja na hamsini linamalizwaje na ndoo moja? Hata mtoto wa darasa la pili angepiga hesabu hiyo. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wake ulikuwa umekwisha kuvimba. Alijiona mpumbavu, na hilo halikumpendeza hata kidogo.

Akafungua bomba la bafuni, maji yakatiririka, kisha akayagusa kwa mgongo wa mkono mabomba mawili ya tangi. La juu lilikuwa baridi. La chini lilikuwa na joto. Akatoa kicheko cha puani.

"Nani alilihamisha hili tangi?"

Meneja alirekebisha tai. Ilikuwa wakati wa kupaka rangi, akaeleza. Alilihamisha mwenyewe, baada ya kutazama video mbili, maana kazi ya bomba haihitaji elimu.

"Naona," alisema Koleo. "Maji ya moto hukaa juu, bwana mkubwa, kwa hiyo hutolewa juu, na ya baridi huingilia chini. Wewe umegeuza. Unamwagia maji baridi juu ya yale ya moto, halafu unamlaumu mama."

Mke alimtazama mumewe, kisha akajifanya anakunja taulo. Meneja alimvuta Koleo pembeni na kumwomba kwa sauti ndogo aseme ni kutu, ni uchakavu, ni chochote. Koleo alimtazama kuanzia viatu hadi tai. Tangi halikuwa na hata chembe ya kutu, na mwanamume mzima alikuwa anataka kujificha nyuma yake.

Alifunga maji, akayabadilishia mabomba nafasi, akasubiri tangi lichemke, kisha akaenda koridoni akainama mbele ya kiti cha plastiki.

"Mama, uliniambia siku ya kwanza nami sikusikia. Nisamehe. Ingia uoge, na leo achana na ndoo."

Mama aliingia. Dakika nne zikapita, zikawa kumi, na mvuke ukatokea chini ya mlango. Simu ya kupimia muda ilikuwa mezani, na hakuna aliyeigusa.

Mama alipotoka alikuwa amevaa kanga safi, akaliokota begi lake dogo kando ya kiti. Meneja alilirukia, akasema safari imefutwa, abaki, maji sasa ni tele.

"Begi nililifunga tangu jana," mama alisema. "Nilichokuwa nangoja ni kuondoka bila jina la mharibifu. Nipeleke kwa dada yako, mwanangu."

Kisha akamgeukia Koleo, akamuuliza kama naye anaelekea njia hiyo, wamsogeze.