Muuza Kimea Aliyeogopa Kukana Pombe

Muuza kimea wa Misikhu amefariki, na tangu nipate habari nazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mnaonisoma kila mara mnajua kwamba safari yangu ndefu ni ile ya kutoka kitini hadi jikoni, kwa hivyo mtu aliyenitoa Kitale hadi mazishini Bungoma si mtu mdogo. Wala hatukuwa chanda na pete. Alikuwa akipita kwangu akileta mzigo sokoni, anakunywa chai, ananicheka ninavyonenepa, anaenda zake.

Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Bila hicho hakuna busaa, pombe ya kienyeji inayovutwa kwa mrija kutoka chunguni. Kwao, aliyeleta kimea huitwa kwenye sherehe akapewa mrija wa kwanza, avute mbele ya wazee, ijulikane kwamba pombe imeiva na haina sumu. Miaka nenda miaka rudi marehemu ndiye aliyevuta. Halafu siku moja, juu ya chai yangu, akaniambia jambo ambalo mkewe tu ndiye aliyelijua. "Mimi naweka tu mrija kwa mdomo, natingisha kichwa. Sijawahi meza hata tone, bana. Tumbo yangu haitaki." Nikamuuliza, sasa anajuaje kama imeiva? "Si harufu iko? Wewe mwenyewe unaandikanga mambo ya dunia na hutokangi kwa nyumba." Nikamwongezea chai.

Baadaye akaanza kukonda, macho yakageuka manjano. Binamu yake akampeleka hospitali. Daktari alipoona kongosho limevimba, akauliza kama mgonjwa anakunywa. Kabla hajafungua mdomo, binamu akamjibia: "Daktari, huyu hushika mrija kabla ya mwenye sherehe." Nilipomuuliza mwenyewe baadaye kwa nini hakukana, alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Nikane mbele ya binamu? Kesho nani atanunua kimea ya mtu mwongo?" Basi akaambiwa aache pombe, akarudi nyumbani kuacha asichokuwa amekianza. Na kila alivyozidi kuwa manjano, watu walisema anakunywa kwa siri.

Miezi ilipita kabla hajaenda peke yake kwa daktari mwingine, hapa Kitale, mama mmoja aliyefunga mlango kwanza ndipo akauliza. Huyo alimwamini. Akamweleza kwamba uvimbe wa namna ile unaweza kuwa saratani, na unaweza pia kuwa ni mwili wenyewe unaolishambulia kongosho lake. Kuna kingamwili ya aina fulani katika damu ambayo ikizidi, humfanya daktari ashuku hilo la pili. "Lakini damu peke yake haitoshi, mzee. Tutaisoma pamoja na picha." Damu ikapelekwa mbali kupimwa. Jibu likaja: kiwango kiko juu sana, na picha ikakubaliana nalo. Akaanzishiwa dawa ambazo huwainua wengi. Ila njia ya nyongo ilikuwa imebanwa na uvimbe huo ikaziba muda mrefu, maambukizi yakaingia kwenye damu, na dawa hazikupata nafasi ya kufanya kazi.

Mazishini mhubiri aliwaonya vijana juu ya ulevi, akilinyooshea jeneza kidole, na watu wakaitikia amina. Nikamfuata mjane nyuma ya hema, nikamuuliza kama niandike ukweli. "Andika, shemeji. Hakuwa mlevi. Lakini jina uache. Kimea bado nauza, na watoto wanasoma."

Sijatulia tangu siku hiyo. Tunapenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu maradhi hakuyaficha; alitembea nayo machoni, kila mtu akayaona. Alichoficha ni kwamba hanywi, na alikificha kwa sababu hatukumpa mahali pa kukisema. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na huo ni upendo. Upendo huohuo ndio uliomjibia. Basi msindikize mgonjwa wako, mbebee uji na shuka, mshike mkono hadi mlango wa daktari. Ukifika hapo, wewe keti kwenye benchi.