Sikuwa Kiziwi Katika Kiwanda cha Pamba

Katika kila arusi ya ukoo wetu hapakosi mtu wa kusimama na kusimulia kwamba ujanani nilikuwa kiziwi, nikaponywa kwa sindano. Wajukuu hucheka, wageni hunihurumia, na mpiga gitaa hunisogelea na kupaza sauti kwa faida yangu. Mimi niliyeitumikia Serikali hadi kustaafu bila kutia saini jambo nisilolihakiki, siwezi kuliacha hili lipite. Sikuwa kiziwi. Sindano haikuwapo.

Katika miaka ile ya hamsini, kabla sijaingia serikalini, nilikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba pale Uvira. Pamba ilikuja kwa malori kutoka bonde la Ruzizi, ikapimwa mbele yangu, kisha ikaingia katika mashine yenye misumeno iliyotenganisha nyuzi na mbegu. Mashine hiyo ilinguruma kutwa, karibu kabisa na meza yangu. Siku ya kwanza nilidhani fuvu litapasuka. Baada ya majuma machache sikuisikia tena, kama vile mtu asivyoisikia saa ya ukutani kwake.

Wakati huo nilikuwa nimeposa binti wa mkulima wa Kiringye. Baba yake alikubali, mama yake alikubali, nami nilikwisha kununua viatu. Alibaki mjomba wake, mfugaji wa Rurambo huko milimani, ambaye bila neno lake ng'ombe wa mahari wasingepokewa. Mzee huyo hakutaka kuniona nimekaa sebuleni nimechana nywele. Alishuka kimya kimya, akasimama nje ya dirisha la kiwanda, akaniita kama wanavyoitana kwao kutoka kilima hadi kilima, kwa sauti ndefu inayopanda mwishoni. Kwao, asiyeitika mwito huo ama ni kiziwi, ama amekufa. Mimi niliendelea kuandika uzito wa magunia.

Jioni shangazi yangu, aliyekuwa mshenga wetu, alinijia uso umemshuka.

"Mutoto yangu, kule Kiringye wanasema weye uko kiziwi."

"Nani anasema?"

"Mjomba wa muchumba yako. Alikuita mpaka wachukuzi wa pamba wakageuka, weye unainamia kitabu tu. Anasema ukiziwi unapita mu damu, na yeye hataongea na wajukuu kwa mikono."

"Shangazi, si unaona ninakusikia?"

"Minye naona. Lakini siyo minye mwenye kutoa binti. Na iko mwingine anaposa, muntu wa Mulenge. Ngombe mingi, masikio mbili."

Kesho yake nilikwenda kwa msaidizi wa daktari, ambaye tulisoma naye darasa moja. Aligonga uma wa chuma unaolia, akausogeza polepole kutoka sikio hadi sikio, akaninong'onezea matusi kutoka kona ya chumba, nami nikayarudia yote kwa usahihi.

"Masikio haya yangemfaa mwizi," alisema. "Weye huna ugonjwa. Sikio ni mlango tu. Mwenye nyumba ni ubongo. Hapa, juu ya sikio, iko chembe zinazopokea sauti. Zingine zinajibu sauti nene, zingine nyembamba, zimepangwa kama vidole vya harmoniamu ya kanisa. Sauti ngeni ikiingia, zinaruka. Ikirudi ile ile, ile ile, zinachoka kuijibu. Zako zimeizoea mashine."

"Na mzee je?"

"Mzee alizama mu kelele, na weye hukuwa unamungoja. Umuambie hivyo."

Vitabu nilivyosoma baada ya kustaafu vinamuunga mkono. Huziita seli za neva, na husema kwamba seli iliyonyamazia sauti moja iliyorudiwa inaweza kuamka mara sauti hiyo inapobadilika. Lakini vitabu hivyo havikuwapo nilipovihitaji, na mjomba, alipoletewa maelezo ya rafiki yangu, alijibu kwamba hajawahi kuona chembe ikichunga ng'ombe.

Alikubali jambo moja: kurudi kiwandani waziwazi, na shangazi yangu akiwa shahidi. Alisimama kando ya meza yangu, fimbo mkononi, akaniita. Nikaitika.

"Ulikuwa unaningoja," alisema. "Hata kiziwi anaona kinywa ya muntu ikifunguka."

Hilo lilikuwa kweli. Shangazi alikuwa amekwisha kujifunga kitenge vizuri, tayari kuondoka. Mjomba akaanza kunieleza, kwa upole ulioniumiza zaidi kuliko ukali, kwamba kijana wa Mulenge ni mtu mwema.

Katikati ya maneno yake niliinua kichwa. Sikuamua kukiinua, kiliinuka. Katika ngurumo ile kulikuwa na kitu chembamba ambacho punde iliyopita hakikuwapo, mkwaruzo mdogo kama ukucha juu ya bati. Nilimwacha mzee akinena, utovu wa adabu ambao kwa kawaida siuruhusu, nikamwendea fundi, naye akazima mashine. Ndani ya misumeno alikuta kipande cha waya, chembamba kama sindano, kilichotoka katika kifungo cha gunia.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo kiwanda kilikuwa kimya. Mjomba aliuchukua waya, akaugeuzageuza mkononi.

"Minye sikusikia kitu," alisema.

"Wala minye," alisema shangazi, akilegeza kitenge chake.

"Minye ninalala katikati ya ngombe. Zinatafuna, zinapumua, kengele zinalia, na minye ninalala tu. Lakini ndama moja akikohoa, nimekwisha kusimama." Mjomba alinigusa bega kwa fimbo. "Huyu anasikia. Ila ngombe yake ni ya chuma."

Mahari ilipokewa. Mjomba aliweka sharti moja tu: kwamba akija kwangu hataniita kama mtu, kwa kuwa njia hiyo ilikwisha kushindwa. Angenipigia mluzi, kama anavyomwita mtamba wake. Basi kwa miaka yote aliyoishi, nami nikiwa mtumishi wa Serikali mwenye tai shingoni, nilitoka uani kwa mluzi mbele ya majirani. Nilitumaini kwamba chembe zangu zingeuzoea na kuniokoa. Mzee alikuwa mjanja: kila alipokuja, aliubadilisha.