Krismasi niliyomchinja mbuzi mwenyewe, jirani yetu akarudi na kisu chake

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji tu, huwa sichangii. Nimeishia darasa la saba na kuandika kunanichukua muda. Huu uzi nimeuandika jioni tatu baada ya kazi, kwa hiyo mkikuta makosa mnivumilie. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Nimeona watu wanabishana sana kuhusu makanisa ya sasa na ya zamani. Mimi sina elimu ya dini, nina kisa changu kimoja tu.

Nimezaliwa Kang'ata, Handeni. Wazazi wangu ni Wasambaa, walishuka kutoka milimani kutafuta shamba la mahindi. Kitongojini kwetu nyumba za Wakristo zilikuwa tatu, nyingine zote za Waislamu.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya udongo, benchi nane na ngoma moja. Mwinjilisti alikuja kwa baiskeli Jumapili mbili kwa mwezi. Jumapili nyingine mama yangu ndiye aliyeanzisha nyimbo. Tunaimba mpaka tunachoka, tunarudi nyumbani.

Sasa Krismasi.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, anafika jirani yetu Mzee Mhina. Amevaa kofia nyeupe, kisu amekizungushia kipande cha shuka kuukuu. Hapigi hodi kama watu wengine. Anasimama uani na kupaza sauti:

"Nyie Wasambaa, mbuzi yuko wapi, au mmeshamla mbichi?"

Mama anamjibu kutoka jikoni, "Mzigua una njaa wewe! Subiri tusali kwanza."

"Salini haraka, Mungu ana watu wengi leo."

Anachinja yeye, kwa dua yake. Kwa wasiojua, Muislamu hali nyama isiyochinjwa na Muislamu. Ukitaka kula na jirani zako unamwita mmoja wao achinje, na kwetu ilikuwa hivyo tangu sijazaliwa.

Baadaye mkewe, Bi Zaina, anakuja na sufuria yake kubwa ya shughuli. Yeye na mama wanapika pilau pamoja huku wakisemana, huyu chumvi imezidi, yule kuni mbichi. Kitongoji kizima kinakula uani kwetu. Ikifika Idi, mambo yote yanahamia kwao.

Mtacheka, lakini nilipokuwa mdogo nilidhani Mzee Mhina ana cheo kanisani. Kuna mwinjilisti, kuna mweka hazina, kuna mchinjaji. Nilidhani kila kanisa lina wa kwake.

Hata baba alipofariki, Mzee Mhina ndiye aliyesimamia vijana kuchimba kaburi. Wakati wa nyimbo alikaa pembeni na jembe lake, kichwa kakiinamisha, mpaka tukamaliza.

Baada ya shule nilienda Korogwe kujifunza ufundi wa pikipiki, gereji iko karibu na stendi. Mji wa kelele, mabasi, bodaboda, na mimi kuongea na watu ni kazi ngumu. Miezi mitano ya kwanza sikuwa na rafiki hata mmoja.

Mteja mmoja akanialika kanisani kwao. Lilikuwa kanisa la vijana, wanasalia ukumbini. Spika kubwa, kinanda, maneno ya nyimbo yanatokea ukutani kwa projekta, watu wanarekodi kwa simu.

Wapo watakaosema hilo ni disko. Mimi sisemi hivyo. Jumapili ya pili tu mlangoni walinisalimia kwa jina langu, na mji mzima wa Korogwe, ukitoa pale gereji, hakuna mwingine aliyekuwa analijua. Pale ndipo nilipojifunza kusali mwenyewe bila kusubiri mama aanzishe.

Ila kulikuwa na grupu letu la simu. Huko zilitumwa klipu za wahubiri kila siku, wengine hata hatujui wanatoka wapi. Moja ilisema Mkristo akila nyama iliyosomewa dua ya dini nyingine, ameshiriki madhabahu ngeni. Kiongozi wetu wa vijana, nimwite Kaka Eliya, aliandika chini yake, "Tujitafakari."

Mimi nilijitafakari kweli. Nilihesabu Krismasi zote nilizokula, nikaogopa.

Mwaka juzi nikarudi nyumbani kwa Krismasi. Sikumwambia mama kitu. Asubuhi alitangulia kanisani kufagia na kupanga benchi, nikamwambia nitamfuata.

Alipoondoka tu, nikamchukua yule mbuzi wa sikukuu nikamchinja mwenyewe.

Nilikuwa sijawahi kuchinja hata kuku, na nilifanya vibaya. Sipendi kuikumbuka ile dakika.

Nilikuwa ndiyo nimemning'iniza, namchuna, Mzee Mhina akaingia uani. Alianza kupaza sauti yake ile, akaishia katikati.

"Nani kachinja?"

"Mimi, babu." Hata shikamoo nilisahau.

Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Alikuwa anaumwa? Ulimkuta anakata roho?"

Wakuu, hapo mzee alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema ndiyo, mbuzi alikuwa anakufa nikamuwahi, angenisema kidogo, tungetafuta mwingine na maneno yangeisha. Nililiona hilo.

Nikasema, "Hapana, babu. Kule kanisani kwetu wanasema..."

Hakuniuliza wanasema nini.

"Haya," akasema. Akakizungushia kisu kile kitambaa taratibu, akaondoka.

Mama alirudi kutoka ibadani akiwa na Bi Zaina, wamekutana njiani. Bi Zaina ana sufuria kichwani na mchele ameshauchagua. Mama alielewa kabla sijafungua mdomo.

"Yona, huyu mbuzi umewachinjia kina nani?"

Nikainama kuokota kisu.

"Nakuuliza. Mimi na wewe tutammaliza? Lini?"

Bi Zaina akashusha sufuria, akaiweka chini vizuri, akapangusa mikono kwenye khanga. "Sufuria tumieni tu, Mama Yona. Nitamtuma mtoto aifuate." Akaondoka na mchele wake.

Bora angenitukana.

Siku ile tulikula nyumba tatu tu. Majirani walipita njiani, wakasalimia kwa adabu, wakaenda zao. Mama hakugusa nyama. Jioni aliniambia maneno ambayo ninayo mpaka leo:

"Wewe keshokutwa unapanda gari unarudi Korogwe. Mimi nabaki hapa. Mwaka huu nilipougua malaria, maji kutoka lambo walinichotea kina nani, hao wa kwenye simu yako? Nenda kaseme na Mzee Mhina. Usipoenda wewe naenda mimi, na mimi nikienda nitapiga magoti."

Kesho yake nikaenda. Nilimkuta mzee anachonga mpini wa jembe. Nikaamkia, akaitikia, akaendelea kuchonga. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalipotea yote. Nilisimama pale muda mrefu.

"Umekuja kusimama?" akauliza.

"Babu, nimekosea."

"Umekosea nini? Kuchinja, au kuchinja vile? Nimeiona ile shingo. Ulikuwa unachinja au unapasua kuni?"

Bi Zaina alicheka ndani. Mimi machozi yalikuwa karibu.

Mzee akaweka panga chini. "Sikiliza. Dini yako ni yako, sikuanza jana kuijua. Ungeniambia mapema, babu mwaka huu nachinja mwenyewe, ningenuna, nikaja na kuku wangu, tukala. Lakini umengoja mama yako aende kanisani. Umenifanya mimi ni mtu wa kuviziwa."

Hapo nikashindwa kujizuia, nikalia. Mtu mzima, fundi, nalia mbele ya mpini wa jembe.

Nikamwomba msamaha. Nikamwomba pia aje nyumbani.

"Ile nyama yako siwezi kula," akasema. "Kuku mnaye?"

Tulikuwa na jogoo mmoja. Mzee Mhina alikuja, akamchinja kwa dua yake, mimi nimeshika mabawa. Nilisikia kila neno, na sikuona madhabahu yoyote. Niliona mzee wa jirani, na uwanja wa nyumba yetu.

Bi Zaina alirudi na mchele. Jogoo mmoja, watu kama ishirini. Wengi walipata mchuzi tu, na Mzee Mhina akawa anatafuta nyama kwenye sahani kwa kidole, anasema, "Jamani, huyu jogoo amepita humu au alichungulia tu?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo nikajua atabaki salama.

Niliporudi Korogwe nilimsimulia Kaka Eliya yote. Akasema, "Mimi nimekulia mtaa wa Wakristo watupu. Hilo sikulijua." Sikumlaumu. Yeye aliandika neno moja tu, kuchinja nilichinja mimi.

Bado nasali kwenye kanisa lile lile. Nazipenda zile nyimbo. Ila klipu sifungui tena hovyo, na kila ninapoona projekta inawashwa nakumbuka zile benchi nane, mama anaanzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, wote tunahangaika kumfuata.

Nilichojifunza ni kidogo. Imani yangu ilikuwa mpya, nikadhani ili iwe ya kweli lazima nimkatae mtu. Nikamchagua aliyemzika baba yangu.

Nyie wenye majirani wa dini nyingine, kwenu sikukuu mnafanyaje? Na kama kuna mwenye kuona nilikuwa sahihi kumchinja yule mbuzi, aseme tu, sitakasirika. Nitasoma zote, ila kujibu nitachelewa.