Nyanya za Chumbani kwa Mzee Boazi

Namshukuru Mungu kwa nyanya. Watu hucheka nikisema hivyo kanisani, lakini wao hawakuwapo.

Baba mkwe wangu, Mzee Boazi wa hapa Isansa, alikuwa mtu wa kahawa tangu ujana. Miche ya nusu ya kijiji ilitoka kwenye kitalu chake, na ukimsifia hakuona haya kukubali. Januari ya mwaka 2009 kiharusi kilimwangusha, mguu wa kulia ukafa ganzi. Daktari alisema utarudi akiusimamia kila siku. Yeye akalala, akageukia ukutani. "Nikisimama niende wapi?" alimjibu mume wangu, Ezron. Tulimbembeleza mpaka tukachoka. Nilikuwa nalia jikoni, kwa huzuni na kwa hasira pia.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika, nilitaka kusia nyanya za bondeni. Nje zisingeota, na kuku wangu hawana adabu. Nikamwambia Ezron ampelekee baba makopo sita ya udongo na mbegu, azisie humo chumbani. Kusema kweli nilitaka apate kitu kingine cha kugombana nacho, atupumzishe sisi.

Alikubali. Siku ya nane mbegu zilichomoza, tukamsikia anapiga mluzi. Kwetu mkamwana haingii chumbani kwa baba mkwe, kwa hiyo sikuona anafanya nini humo. Wiki moja baadaye Ezron akanitolea kopo uani. Mungu wangu! Miche mirefu, myeupe, myembamba kama uzi, imelaliana. Mzee alikuwa amefunga dirisha na kutundika gunia juu yake, eti mche mchanga hautakiwi kuona jua. Alikuwa anazilea nyanya kama kahawa!

Mimi nimekulia Hasamba, kwenye bustani ya nyanya ya mama yangu, na mdomo wangu hauna breki. Nikasimama nje ya dirisha lake.

"Shikamoo baba. Kwa kahawa sikufikii. Ila nyanya ikishatoa kichwa tu, inataka mwanga kutwa nzima. Hizo umezifunga gerezani."

Siku mbili hakula vizuri, na nilijilaumu kweli, maana hata mluzi ulikoma. Siku ya tatu sauti ikatoka dirishani: "Mama, mbegu zimebaki?"

Ilikuwepo nusu pakiti. Gunia likatolewa, lakini dirisha lenyewe lilikuwa dogo kama la stoo. Ezron akapanda juu ya nyumba, akang'oa bati moja, akaweka lile la plastiki linalopitisha mwanga. Meza ikasogezwa chini yake, makopo yakapangwa. Safari hii miche ilitoka mifupi na ya kijani, ila ikawa inainamia upande wa bati. Ilibidi makopo yageuzwe asubuhi na jioni.

"Nani atayageuza?" mzee akauliza. "Ezron anashinda shambani."

"Labda kuku," nikajibu kutoka nje.

Kesho yake nilisikia kitanda kikilia, kisha mguu ukiburuzwa, kisha kopo likisogea. Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi moja nikasikia kishindo. Nilishika mlango, adabu au si adabu, ningeingia.

"Usije!" akasema. "Nimeangukia kitandani."

Nikakaa chini palepale, nikacheka huku machozi yananitoka.

Wiki ya tano ya miche hiyo nilikuwa naosha vyombo uani, mlango ukafunguka. Mzee Boazi alikuwa amesimama kizingitini, fimbo mkono mmoja, kopo mkono wa pili, miche ndani yake minene yenye majani ya kijani kibichi. Tangu Januari sikuwa nimemwona akiwa wima.

"Mama," akasema, "hizi sasa zianze kuzoea jua la nje. Nionyeshe pa kuziweka."

Nilinyoosha kidole kuelekea kwenye kichanja cha vyombo, na yeye akatembea mwenyewe mpaka pale.