Aliyeniita Baba Kule Machimboni

Najua utasema ni ukungu, au njaa, au mawazo mengi. Hayo yote nimejiambia mwenyewe, nikayapinga, nikaanza upya. Lakini niamini, yalinipata kule Mweiga, tena mchana, miaka ya sabini, nikiwa nimetoka chuo kikuu nasubiri kazi.

Rafiki yangu Wekesa, mwalimu kutoka Bungoma, alikuwa na pikipiki. Jumamosi tulienda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, tukacheza mchezo wetu: kupanda miamba polepole kwa pikipiki hiyo, kwa zamu, umesimama juu ya vikanyagio, mguu usiguse ardhi. Hapakuwa na mashindano wala zawadi. Ukigusa chini unachekwa, basi.

"Wee digrii!" Wekesa alinipigia kelele. "Unawaza nini? Jiwe haina mtihani! Miguu juu!"

Nikiwa juu ya mwamba, ukungu ukashuka kutoka milima ya Aberdare, Wekesa akapotea machoni. Nisimame? Angenicheka wiki nzima. Nikasonga.

Ndipo mtu akasema kando yangu, kwa Kikuyu: "Baba, weka mguu chini."

Alikuwa mwanamume aliyekonda, nywele ndefu zimesokotana, koti limelowa. Nilidhani ni mchunga ng'ombe, na kwamba "baba" ni neno la kumbembeleza kijana tu.

"Mchezo haukubali," nikamjibu.

"Weka, baba," akasema tena, sasa kama mtu anayeomba.

Nikaweka. Injini ikazimika. Upepo ulipofungua ukungu, nikaona gurudumu la mbele linaning'inia hewani. Chini yake palikuwa shimo lote la machimbo. Niligeuka nimshukuru. Nimshukuru nani?

Wekesa akaja mbio akicheka, "Umegusa! Umegusa!" Alipoliona shimo akaivuta pikipiki nyuma. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unabishana na nani?"

Jioni nilimsimulia nyanya yangu. Sasa elewa desturi yetu: nimepewa jina la mume wake, kwa hiyo watoto wake wote huniita baba, hata baba yangu mzazi. Mmoja wao aliingia msituni kupigana na Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, mimi nikiwa mchanga. Hakurudi. Hakuzikwa.

Nyanya aliacha kumenya viazi. Hakuniuliza kama nina hakika.

"Amekonda?"

"Sana, cucu."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Ningemwambiaje kwamba nilimfundisha mwanawe sheria za mchezo?

Tangu siku hiyo, ukungu ukishuka, nyanya hakuwa akifunga mlango kwa komeo, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Mimi niliendelea kupanda mawe, ila sikwenda tena na mawazo ya nani atacheka.

Nawe, ukisikia huko mtu usiyemjua akikuita kwa jina ambalo ni watu wa nyumbani tu wanaolitumia, usimbishie. Mtii upesi. Halafu, kabla hujageuka, muulize kama amekula.